Filbert Bayi: Tumpime kwa mizani ipi?

Wiki hii, ndugu msikilizaji, naomba tuuweke kando kidogo mpira wa Simba na Yanga, turudi kwenye riadha, na kwa mtu mmoja ambaye jina lake karibu kila Mtanzania mwenye mvi analijua. Ninalo swali ambalo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: Filbert Bayi alikuwa mkubwa kiasi gani?

Nauliza kwa sababu hukumu zetu juu ya wanamichezo wetu huwa za aina mbili tu. Ama tunampandisha mtu mpaka mawinguni, ama tunamwangusha kwa neno moja: "Alishindwa." Katikati hapana kitu. Na Bayi amekumbwa na hukumu zote mbili. Wapo wanaoapa kwamba Tanzania haijapata na haitapata tena mkimbiaji wa namna ile. Wapo pia wanaokuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala, "Dhahabu yake ya Olimpiki iko wapi?"

Hivi karibuni nilikuwa Ndundu, kule Rufiji, kwa shughuli nyingine kabisa. Kwenye kijiwe cha kahawa nikakuta ubishi mkali. Vijana walikuwa wakisema kwamba mwanamichezo mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi hii ni Mbwana Samatta. Hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Samatta alitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Tena ni mtoto wa Mbagala, mtu wa barabara hii hii ya kusini. Mzee mmoja akawatajia Bayi. Kijana mwenye bodaboda akashangaa kweli kweli: "Bayi? Si ile shule ya Kibaha, babu?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akawaambia: "Wajukuu zangu, nyinyi mnapita darajani kwa dakika mbili, mnadhani mto huu ni mfereji. Sisi tulikuwa tunalala hapa tunangoja pantoni. Ukitaka kuipima pantoni, ipime kwa mto wa siku zile. Usiipime kwa daraja hili."

Wasikilizaji ambao hawajapita njia ile niwafafanulie. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa mita 970, safari ya kwenda Lindi na Mtwara ilikuwa inakatika pale Ndundu, kwenye kivuko. Masika mto ukijaa, mabasi na malori yalipanga foleni, abiria wakapika, wakalala, wakaamka na kupika tena. Leo msafiri anavuka huku akisinzia. Ni kweli daraja linashinda pantoni kwa kila kipimo. Lakini miaka ile aliyekuvusha ni pantoni.

Maneno ya mzee yule nimeona ni mizani ya haki. Basi twende kwenye mto wenyewe, tuone Bayi alivuka nini.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, na aliingia katika mbio za kimataifa wakati ambapo mbio za kati zilikuwa na mfalme wake Afrika Mashariki, naye ni Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968 kule Mexico. Mwaka 1972 Bayi alikwenda Munich akiwa kijana wa miaka 19, akakimbia mita 1,500 na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na katika zote mbili hakuvuka hatua ya mchujo. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, kijana huyo huyo alimshinda Keino katika mita 1,500. Hapo ndipo dunia ilipogeuza shingo. Mwaka ule akaenda Ulaya kushindana, na huko wakaanza kumwona akifanya jambo ambalo wataalamu walilihesabu kuwa ni wazimu. Mlio wa bastola ukilia, anatoka mbio. Hangoji mtu. Hatazami nyuma mara kwa mara kuona nani yuko wapi. Anakwenda mbele, na anayetaka amfuate.

Lazima nieleze kwa nini waliita wazimu. Katika mita 1,500 anayekimbia mbele ndiye anayepasua upepo. Aliye nyuma yake anajikinga, anatunza nguvu, na zaidi ya hapo anatunza akili, kwa sababu hana haja ya kupanga mwendo. Kazi yake ni kutazama mgongo wa mwenzake. Ikifika raundi ya mwisho, aliye nyuma anachomoka na nguvu alizozitunza, na aliye mbele anabaki akiomba Mungu utepe usogee karibu. Wahenga walilisema zamani: kutangulia si kufika. Ndiyo maana wakimbiaji wengi, hata hodari, hukaa katikati ya kundi wakiviziana kama paka na panya mpaka mita 300 za mwisho.

Sasa twende Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa. Nimeiona mbio ile katika filamu, na nimeirudia mara nyingi. Uwanja ni wa nyumbani kwa John Walker na Rod Dixon, wenyeji wa New Zealand, na watu wamejaa kuwashangilia. Yupo pia Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo ile ile alitwaa dhahabu mbili. Bastola inalia, na Bayi, fulana ya Tanzania kifuani, anaondoka kama kawaida yake. Kufika nusu ya mbio amewaacha wenzake mita kama 20. Watazamaji wanangoja achoke. Raundi ya mwisho kundi linaanza kumla mdogo mdogo. Walker anakuja, anakuja kweli, na kwenye mita 100 za mwisho unaona kabisa kwamba amebakiza hatua chache tu kumfikia. Bayi anageuka kidogo, anamwona, na badala ya kuvunjika moyo anaongeza. Anakata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.16.

Ilikuwa rekodi ya dunia. Rekodi ya zamani, dakika 3 na sekunde 33.1, ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun tangu mwaka 1967. Lakini angalia walio nyuma yake. Walker alimaliza wa pili kwa 3:32.52, naye pia akawa ameipita rekodi ya Ryun. Jipcho wa tatu, 3:33.16, akaikosa kwa unywele. Dixon wa nne, 3:33.89. Watu hawa wote walivutwa na mtu mmoja aliyekuwa mbele akipasua upepo peke yake. Pantoni ile ilivusha abiria wengi.

Jambo moja hapa silioni likisemwa vya kutosha. Rekodi za mita 1,500 zilizofuata, kuanzia ya Sebastian Coe aliyeivunja ya Bayi huko Zürich Agosti 1979, mpaka ya Hicham El Guerrouj wa Morocco ya mwaka 1998 ambayo ni dakika 3 na sekunde 26.00, zote ziliwekwa katika mashindano ya mwaliko. Huko mara nyingi wanakodishwa wakimbiaji wa kuongoza kasi, wanaokimbia raundi mbili tatu mbele, kisha wanajitoa pembeni na kumwachia mwenye mbio yake. Siku hizi zimeongezwa hata taa za pembeni mwa uwanja zinazomwonyesha mkimbiaji kasi anayotakiwa kwenda, na viatu vya aina mpya. Siwalaumu, michezo inakua. Nasema tu kwamba tangu siku ile ya Christchurch hakuna mtu mwingine aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika fainali ya michezo mikubwa ya kugombea medali. Bayi alifanya bila kuongozwa na mtu, mbele ya umati uliokuwa ukimshangilia mpinzani wake. Na rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaiondoa rekodi nyingine ya Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi hiyo hakukaa nayo sana. Agosti ya mwaka huo huo Walker alikimbia maili kwa 3:49.4 mjini Göteborg, Sweden, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Hapo wapinzani wa Bayi wana hoja, nami siipingi. Walker hakuwa mtu wa kubahatisha.

Kwa hiyo dunia nzima ikawa inangoja jambo moja: Montreal, Julai 1976. Bayi na Walker, mita 1,500, fainali ya Olimpiki. Mpambano huo haukufanyika.

Sababu yake vijana wengi hawaijui, na wazee wengi wameanza kuisahau. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tarehe 16 Juni watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Isingeweza kuwa vinginevyo. Hapa Dar es Salaam ndipo yalipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Nchi iliyokuwa inawapa wapigania uhuru ardhi, kambi na chakula isingekwenda kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini haki nayo ina gharama, na gharama ile haikugawanywa sawa. Sisi wengine tulilipa kwa maneno na kwa makofi. Bayi alilipa kwa miaka yake ya ujana, ambayo kwa mkimbiaji ni kama msimu wa kilimo: ukipita umepita. Hakuna Olimpiki ya kukufidia. Kuna uchungu mwingine ndani yake, kwamba medali ile ya dhahabu ilikwenda kwa mwana wa New Zealand, nchi ile ile iliyosababisha kususia. Walker alishinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda wa polepole uliozidi ule wa Christchurch kwa sekunde saba.

Hapa mashabiki wa Bayi huruka na kusema: "Mnaona? Angekuwepo, angeshinda!" Hebu tutulie. Mbio za Montreal zilikuwa za kuviziana, na mbio za kuviziana hupimwa kwa nani ana kasi ya mwisho, si kwa saa. Bayi angekuwepo, mbio zisingekwenda vile. Angeondoka mbele, na wote wangelazimika kumfuata. Mpaka hapo nakubali. Lakini tusisahau kwamba kabla ya Montreal Bayi alikuwa ameugua malaria, ugonjwa ambao watu wa Rufiji hawahitaji kuelezwa unavyomwacha mtu hana miguu. Huenda hata angekwenda asingekuwa yule wa Christchurch. Kumpa medali ambayo hakuikimbilia ni kumdhulumu Walker. Kumhesabia kushindwa katika mbio ambazo hakukimbia ni kumdhulumu Bayi. Mahali pale katika daftari paachwe wazi, na kando paandikwe sababu.

Yapo mashindano aliyoyakimbia na hakushinda, na hayo lazima yaandikwe pia. Mwaka 1978, baada ya kutwaa tena dhahabu ya mita 1,500 ya Michezo ya Afrika kule Algiers, alikwenda Edmonton, Kanada, kutetea taji lake la Jumuiya ya Madola. David Moorcroft wa Uingereza alimshinda. Moorcroft 3:35.48, Bayi 3:35.59. Tofauti ni chini ya kupepesa jicho, lakini dhahabu ilikwenda kwa mwingine.

Kisha ikaja Moscow, mwaka 1980. Safari hii waliosusia walikuwa wengine. Marekani ilitaka dunia isiende kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan, na Rais Carter akamtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kushawishi viongozi. Ali alifika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ikaenda Moscow. Bayi, akiwa na miaka 27, aliachana na mita 1,500 zilizokuwa na Coe na Steve Ovett, akaingia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, zile zile zilizomtupa nje katika mchujo wa Munich miaka minane nyuma.

Na alikimbiaje? Vile vile. Akatoka mbele, akaongoza, akawaacha wenzake kwa umbali mkubwa. Raundi ya mwisho miguu ikaanza kuwa mizito. Bronisław Malinowski wa Poland, mtu aliyejua kugawa nguvu zake, akawa anamkata mita moja moja, akampita wakiwa wamekaribia mwisho, akatwaa dhahabu kwa dakika 8 na sekunde 9.70. Bayi alimaliza wa pili kwa 8:12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui akatwaa fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili za fedha ndizo pekee Tanzania ilizopata kuzitwaa katika Olimpiki, tangu uhuru mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Wako wasemao: "Alikuwa na dhahabu mkononi akaitupa kwa ujinga wa kukimbia mbele." Nawajibu kwamba mtu huwezi kumpenda kwa Christchurch halafu ukamlaumu kwa Moscow. Ni moyo ule ule na mkakati ule ule. Siku moja mto ulimruhusu kuvuka, siku nyingine mkondo ulimshinda karibu na ng'ambo. Angekuwa mtu wa kuvizia nyuma, labda angekuwa na dhahabu ya Moscow, lakini asingekuwa na rekodi ya Christchurch.

Na hapa pia tuwe waungwana. Tukisema dhahabu ya Walker ya Montreal ilikuwa na kasoro kwa kuwa Bayi hakuwepo, basi fedha ya Bayi ya Moscow nayo tuitie kasoro, kwa sababu Kenya ilisusia Moscow, na Henry Rono, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio hizo, dakika 8 na sekunde 5.4 tangu mwaka 1978, hakuwepo. Mizani ni moja. Huwezi kumpimia jirani kwa kibaba na wewe ukajipimia kwa pishi. Ninavyoona mimi, medali zote mbili ni halali. Anayeshindana hushindana na waliokuja.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuziweke mizani zote mezani.

Mizani ya kwanza ni medali. Kwa mizani hii Bayi ni mkubwa, lakini si mkubwa kupita wote. Dhahabu moja ya Jumuiya ya Madola na fedha moja, dhahabu mbili za Afrika, fedha moja ya Olimpiki. Gidamis Shahanga anazo dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, marathoni ya mwaka 1978 na mita 10,000 ya mwaka 1982. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia, akalingana kwa saa na Mjerumani Amanal Petros, wote 2:09:48, akamzidi kwa kifua. Simbu ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mwenye kupima kwa medali tu ana haki ya kumweka Simbu juu, nami sitagombana naye.

Mizani ya pili ni saa. Kwa mizani hii Bayi yuko peke yake. Ndiye Mtanzania aliyeshika rekodi za dunia za mita 1,500 na maili kwa wakati mmoja. Wamarekani wana desturi ya kuwapima vijana wao wa michezo ya vyuo vikuu kwa hesabu: ametupa mipira mingapi, ameshinda mechi ngapi, ameacha takwimu gani. Nyambui wetu aliyajua hayo, maana alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso na huko alishinda mataji mengi ya vyuo. Lakini hata huko ubishi hauishi. Kijana anashinda kila kitu chuoni, hafiki mbali baadaye, na watu wanabaki wakiulizana kama alikuwa mkubwa au la. Takwimu zinasaidia kuanza mazungumzo, haziyamalizi.

Mizani ya tatu ni kile alichobadilisha. Kabla ya Bayi, fundisho lilikuwa kwamba mita 1,500 huwezi kuzitawala kutoka mbele mwanzo mpaka mwisho dhidi ya watu walio bora duniani. Baada ya Bayi, fundisho hilo halikuwa na mashiko tena. Walker, kwa kumfukuza Bayi, alijua kwamba miguu yake ina muda ambao hakuwahi kuuota. Kwa mizani hii ndipo ninapomweka Bayi juu ya wanamichezo wote wa nchi hii, Samatta na Simbu wakiwemo, na wao wasikasirike. Wao wamefika mbali katika njia ambazo wengine walikwisha kuzipita duniani. Bayi alipita pasipokuwa na njia.

Lakini mazungumzo haya yangekuwa ya kijiwe tu kama yangeishia kwenye nani zaidi ya nani. Kuna jambo linaloniuma zaidi. Ile dakika 3 na sekunde 32.16 ya mwaka 1974 bado ndiyo rekodi ya Tanzania. Zaidi ya miaka 50 imepita. Vimejengwa viwanja, zimekuja barabara za lami, kiatu kimebadilika, chakula kimebadilika, na hakuna kijana wa Kitanzania aliyekimbia kasi ile. Rekodi ya dunia ikidumu miaka mitano tunasema mwenyewe ni hodari. Rekodi ya taifa ikidumu nusu karne, sehemu ya sifa hiyo inageuka kuwa mashtaka juu yetu sisi tuliobaki.

Tulifanya nini? Kuna kipindi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata michezo ya shule ilisimamishwa, UMITASHUMTA na UMISSETA zikalala, kana kwamba mtoto akikimbia atasahau hesabu. Ilirudishwa, lakini kizazi kikawa kimepita. Viwanja vya wazi vinageuka vibanda. Wenzetu wa Kenya walijenga desturi: mkimbiaji akistaafu anakuwa mwalimu, kambi inakuwa shule, mtoto anakua akiwaona mabingwa njiani asubuhi. Sisi tulimpata Bayi, tukampigia makofi, tukakaa kumngojea mwingine ashuke kutoka mbinguni.

Bayi mwenyewe hakukaa kungoja. Alijenga shule, akaanzisha taasisi ya kulea vijana wa michezo huko Mkuza, Kibaha, katika mkoa huu huu wa Pwani ilipo Ndundu, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Wapo wanaosema kwamba katika miaka yake ofisini medali haikurudi. Ni kweli haikurudi. Lakini kumtaka mtu mmoja akimbie kwa niaba ya taifa, kisha afundishe kwa niaba ya taifa, halafu na fedha atafute yeye, ni kumwonea. Taifa lina kazi yake.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda aliyesema Bayi ni shule hakukosea sana. Kilichopungua ni mtu wa kumwambia shule ile ilipewa jina la nani na kwa nini. Hiyo si kazi ya mzee mmoja wa Ndundu. Ni kazi ya vitabu vya darasani, ni kazi ya redio hii na magazeti haya, na ni kazi ya mwalimu wa michezo anayewapanga watoto kwenye mstari Jumamosi asubuhi.

Hukumu yangu basi ni hii. Filbert Bayi hakuwa mshindi mkubwa kuliko wote. Walioshinda zaidi wapo. Hakuwa mwenye hila uwanjani. Walio na hila walimpita Edmonton na Moscow. Lakini alikuwa mkimbiaji aliyekubali kubeba mzigo wa mbio nzima peke yake ili kujua binadamu anaweza kwenda kasi gani, na siku moja mwaka 1974 akapata jibu ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Gharama ya uhuru wa wengine ilipodaiwa mwaka 1976, ilikatwa kwenye hesabu yake. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Tumtunze Bayi sasa, angali anasikia, na namna bora ya kumtunza ni kumpata kijana wa kumvunjia rekodi yake.

Tukutane wiki ijayo.